Haki ya Kukaa: Makazi, Ukarimu na Mji katika Filamu za T-Junction na Vuta N'kuvute

Ikisiri

Makala haya yanahakiki filamu mbili za mwongozaji Amil Shivji, T-Junction (2017) na Vuta N'kuvute (2021), kwa kuzingatia suala la makazi ya watu waliosukumwa pembezoni mwa mji. Filamu ya kwanza inasimulia jamii ya watafutaji riziki waliojiwekea maisha kwenye makutano ya barabara jijini Dar es Salaam. Ya pili, inayotokana na riwaya ya Adam Shafi (1999), inarejea Unguja ya miaka ya mwisho ya ukoloni wa Kiingereza. Hoja kuu ni kwamba katika filamu zote mbili uhalali wa mtu kukaa mjini hautokani na hati ya umiliki. Unatokana na tendo la kukaribishwa na mtu ambaye mwenyewe hana uhakika wa mahali pake. Hata hivyo, makala yanaonyesha kuwa filamu ya pili, kwa kubadili mpangilio wa matukio ya riwaya, inapunguza uzito wa suala la makazi ambalo riwaya ililiweka mbele ya mapenzi na siasa.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa filamu za Kiswahili umechelewa ukilinganishwa na ule wa riwaya, tamthiliya na ushairi. Sababu mojawapo ni mazoea ya kuiona filamu kuwa burudani ya sokoni, hasa baada ya kushamiri kwa filamu za video za Dar es Salaam. Sababu nyingine ni kwamba filamu inapotokana na riwaya maarufu, mhakiki huvutwa na swali la uaminifu: kipi kimeachwa, kipi kimeongezwa. Swali hilo lina nafasi yake, lakini peke yake huigeuza filamu kuwa kivuli cha kitabu. Makala haya yanaanza kwingine, kwenye swali linalozikutanisha kazi mbili za mwongozaji mmoja zilizotofautiana kwa wakati, mahali na chanzo: nani ana haki ya kukaa mjini, na haki hiyo inatoka wapi?

Henri Lefebvre, katika kitabu chake cha 1968 kuhusu haki ya mji, alidai kuwa mji ni kazi ya pamoja ya wanaouishi, na kwamba kuutumia mji ni msingi wa haki ulio mzito kuliko kuumiliki. Asef Bayat, akitafiti maskini wa miji ya Mashariki ya Kati, alionyesha jinsi watu wa kawaida wanavyojipatia ardhi, maji, umeme na nafasi za biashara hatua kwa hatua, kimyakimya, bila chama wala ilani, na kwamba hukusanyika kujitetea pale tu walichokwisha kukipata kinapotishiwa. Mawazo haya yanatumika hapa kama taa ya kumulikia. Filamu zenyewe zina nadharia yao ya mji, na nadharia hiyo imejengwa kwa Kiswahili.

2.0 Msamiati wa kukaa na kuvamia

Kitenzi kaa kina maana zinazofungamana: kuketi, kuishi mahali, na kudumu. Husemwa pia kuwa nguo imemkaa mtu, yaani imemwenea na kumpendeza. Kutokana na mzizi huo yamepatikana makazi, mkaazi, kikao na ukaaji. Mpangilio huu wa maana una falsafa ndani yake: anayeketi ameanza kuishi, na anayeishi kwa muda mrefu ameenea mahali pake kama nguo ilivyomwenea mwenyewe. Kwa mantiki ya kitenzi hiki, muda na mazoea ni ushahidi wa uhalali.

Lugha ya ofisi za ardhi na ya vyombo vya habari ina msamiati mwingine. Anayekaa bila hati huitwa mvamizi, neno litokanalo na kitenzi vamia, chenye picha ya shambulio la ghafla. Mitaa yake huitwa makazi holela, yaani makazi yasiyo na utaratibu. Hivyo mtu aliyeketi taratibu kwa miaka ishirini anaelezwa kwa kitenzi cha mtu aliyeingia kwa kishindo jana usiku. Tofauti kati ya kukaa na kuvamia, kwa hiyo, ni tofauti ya anayesimulia.

Mfano ulio wazi zaidi ni neno mpangaji. Katika mazungumzo ya kila siku mpangaji ni anayekodi chumba. Katika lugha ya mipango miji, mpangaji ni mtaalamu anayechora ramani na kuamua barabara ipite wapi. Kiswahili kimewapa watu hawa wawili jina moja, lakini mji umewapa mamlaka yasiyolingana: wa kwanza hupangiwa, wa pili hupanga. Kuna pia kijiwe, yaani jiwe dogo, ambalo limekuwa jina la mahali pa mtaani wanapokutana vijana kusubiri kazi, kucheza bao na kuzungumza. Kijiwe hakina mwenyewe kisheria, ingawa kila mkaazi wa mtaa anajua ni cha nani. Kampuni iliyotengeneza filamu zinazohakikiwa hapa inaitwa Kijiweni Productions, na jina hilo linaweza kusomwa kama tamko la mahali ambapo kamera imechagua kuketi.

3.0 Ng'ambo: kibanda changu, kiwanja chako

Historia ya Unguja inatoa msingi usioweza kuepukwa. Mji wa Zanzibar ulikua katika sehemu mbili zilizotenganishwa na ghuba nyembamba: mji wa mawe upande wa magharibi, na Ng'ambo upande wa pili wa maji. Ghuba hiyo ilifukiwa baadaye, na jina la Darajani limebaki kukumbusha daraja lililounganisha pande hizo. Jina Ng'ambo lenyewe linafichua msemaji wake. Ni ng'ambo kwa aliyesimama kwenye majumba ya mawe; kwa aliyezaliwa huko, ng'ambo ingekuwa mjini.

Utafiti wa Laura Fair (2001) umeeleza kuwa wengi wa wakaazi wa Ng'ambo, wakiwamo waliotoka utumwani na vizazi vyao, walimiliki vibanda vyao lakini hawakumiliki ardhi iliyobeba vibanda hivyo. Katika karne ya 19 wengi walikaa kwa ridhaa ya mabwana na wafadhili, bila kulipa kodi ya maana. Karne ya 20 ilipoigeuza ardhi hiyo kuwa chanzo cha mapato, uhusiano wa ufadhili ukawa uhusiano wa mwenye kiwanja na mpangaji. Kupanda kwa kodi za viwanja ndiko kulikozaa mgomo wa 1928, ambapo wakaazi walikataa kulipa. Hoja yao ilikuwa ya kimaadili kabla ya kuwa ya kisheria: wamekaa, wamejenga, wamezika wazee wao hapo.

Wapangaji wa aina ya pili, wale wa ramani, hawakuwa mbali. Lanchester alitoa mpango wake wa mji mwaka 1923, na mipango mingine ikafuata mwishoni mwa ukoloni. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ardhi ilitaifishwa, majumba mengi ya mawe yaliyotwaliwa au kuachwa na wenyewe yakagawiwa wakaazi wapya, na sehemu za Ng'ambo zikabomolewa kupisha majumba ya ghorofa ya Michenzani. Kwa hiyo katika kizazi kimoja, maana ya kukaa Unguja ilibadilika mara kadhaa, na kila mara palikuwa na waliojikuta wamekuwa wageni mahali walipolala jana. Hadithi ya Vuta N'kuvute inatokea katika ukingo wa mabadiliko hayo.

4.0 T-Junction: jamii isiyo na anwani

T-Junction ilikuwa filamu ya ufunguzi wa Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar mwaka 2017. Mhusika wake Fatima ni msichana mwenye mama Mwafrika na baba wa asili ya Kihindi. Baba huyo, ambaye hawakuwa karibu, amefariki, na binti anashindwa kupata machozi yanayotarajiwa kwake. Hospitalini anakutana na Maria, mgonjwa anayemsimulia habari za watu wa makutano ya barabara: namna walivyokutana, walivyoishi, na msiba uliowafika.

Kimuundo, hii ni hadithi ndani ya hadithi. Watu wa makutano hawamfikii mtazamaji moja kwa moja. Wanafika kwa kinywa cha Maria. Uamuzi huu una maana kubwa kwa mada ya makazi. Jamii hiyo haina hati, anwani wala jengo litakalobaki kama ushahidi kwamba ilikuwapo. Makazi yake ya kudumu ni masimulizi. Kitanda cha hospitali kinakuwa baraza, na Fatima, aliyekuja akiwa na msiba usio na maneno, anapewa maneno na mtu ambaye msiba wake hautaandikwa popote.

Jina la filamu linastahili kuangaliwa. Kiswahili kina njia panda, mahali penye uzito katika imani na masimulizi ya jadi: pa kuamua, pa kutupia visivyotakiwa, pa kukutana na yasiyoonekana. Mwongozaji hakulitumia, alibaki na jina la Kiingereza ambalo madereva na makondakta wa Dar es Salaam hulitumia. Uteuzi huo unaweza kulaumiwa kwa kuupa mgongo utajiri wa lugha. Hata hivyo, kuna tofauti ya kimantiki. Anayefika njia panda anaweza kuendelea mbele. Anayefika kwenye makutano yenye umbo la T amefika mwisho wa njia: mbele kuna ukuta, na ni lazima akunje kulia au kushoto. Wanaokaa mahali hapo wamekaa mwishoni mwa njia ya wengine. Wamepageuza mahali pa magari kusita kuwa mahali pa watu kuishi.

Mtazamaji wa Tanzania haitazami hadithi hii bila kumbukumbu. Tangu enzi za ukoloni, Dar es Salaam ilipangwa kwa kanda zilizotenga Wazungu, Wahindi na Waafrika, na majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini yameziishi sheria zilizoyazaa. Mwaka 1983 kampeni ya Nguvu Kazi iliwakamata walioitwa wazururaji na kuwapeleka mashambani. Mwishoni mwa 2018 wafanyabiashara wadogo walianza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, na miaka mitatu baadaye, mwaka 2021, machinga wakaondolewa kandokando ya barabara na kupelekwa maeneo maalumu. Filamu ilitangulia matukio haya mawili ya mwisho, lakini mzunguko wa kuvumiliwa, kutambuliwa na kuondolewa ulikuwa mkongwe kuliko filamu yenyewe.

Ubora wa T-Junction ni kwamba haiwaombei watu wake huruma. Wanataniana, wanagombana, wanapendana. Udhaifu wake ni uzito mdogo inaoupa ofisi inayotoa amri. Msiba unawafika watu wa makutano kama mvua inavyofika, wakati historia inaonyesha kuwa una saini, mhuri na tarehe.

5.0 Vuta N'kuvute: nyumba kabla ya mapenzi

Katika riwaya ya Adam Shafi, Yasmin ni msichana wa miaka 15 anayeozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka Mtendeni, mwanamume wa miaka 52. Ndoa inamshinda. Anapokimbia, jamaa zake wanamfungia mlango, kwa kuwa heshima ya ukoo imewekwa juu ya uhai wa binti. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke maskini wa Ng'ambo, mpenda ngoma na starehe, ambaye watu wa heshima hawangemhesabu kuwa na nyumba ya kumkaribishia mtu. Ni baada ya kupokewa huko ndipo Yasmin anapomfahamu Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayewindwa na makachero wa kikoloni kwa harakati zake.

Mpangilio huu una hoja. Katika riwaya, nyumba inatangulia mapenzi, na mapenzi yanatangulia siasa. Yasmin hawi mwanasiasa kwa kuvutiwa na mwanamume au na kitabu cha nadharia. Anaanza kwa kulala chini ya paa la mtu wa tabaka, rangi na mtaa mwingine. Kabla Denge hajamweleza mtu yeyote kuhusu umoja wa wanyonge, Mwajuma ameshautekeleza kwa kugawana kitanda. Riwaya inaweka tendo la ukarimu wa mwanamke mbele ya hotuba ya mwanamapinduzi.

Filamu, ambayo mswada wake Shivji aliuandika pamoja na Jenna Cato Bass, inabana riwaya ndefu katika muda wa takriban saa moja na nusu. Katika kufanya hivyo inawakutanisha Denge na Yasmin mapema, usiku, wakati Yasmin yuko njiani kwenda kuolewa. Kisinema, uamuzi huu unaeleweka: filamu inahitaji fundo la mapema, na kukutana kwa bibi harusi na mpigania uhuru katika kichochoro chenye giza ni picha isiyosahaulika. Lakini athari yake kwa mantiki ya hadithi si ndogo. Sasa mapenzi yanatangulia nyumba. Kibanda cha Mwajuma, kilichokuwa chanzo cha yote, kinaelekea kuwa mahali pa kupitia kwenye njia ambayo tayari inaelekea kwa Denge.

Hata hivyo, filamu inalipa sehemu ya deni hilo kwa njia nyingine, kupitia uigizaji wa Siti Amina katika nafasi ya Mwajuma. Yeye ni mwimbaji hata nje ya filamu, na kundi lake linaenzi jina la Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyehamia mjini mwaka 1911, akaishi Ng'ambo, na kuifanya sauti ya mtaa wa vibanda isikike kwenye majumba ya mawe. Kwa mtazamaji anayeijua historia hiyo, Mwajuma wa kwenye filamu anapoimba huwa anasimamia ukoo mrefu wa wanawake waliodai nafasi mjini kwa sauti kabla ya wanaume kuidai kwa vipeperushi. Hapa filamu inaweza kile ambacho ukurasa wa riwaya hauwezi.

6.0 Fatima na Maria, Yasmin na Mwajuma

Zikiwekwa pamoja, filamu hizi zinaonyesha muundo mmoja. Katika kila moja, msichana mwenye nasaba ya Kihindi, ambaye nyumba ya ukoo wake imeshindwa kumhifadhi moyoni, anahifadhiwa na mwanamke Mwafrika asiye na nyumba inayotambuliwa. Fatima anapokewa na Maria katika masimulizi. Yasmin anapokewa na Mwajuma katika kibanda. Mwenye paa anaomba hifadhi kwa asiye na paa.

Mgeuko huu unagusa jeraha halisi. Katika miji ya Afrika Mashariki, uhusiano wa Waafrika na watu wa asili ya Kihindi umesimuliwa mno kupitia mlango wa duka: mmoja nyuma ya meza ya mauzo, mwingine mbele yake. Filamu zinaufunga mlango wa duka na kufungua wa uani. Huko, anayetoa ni yule ambaye historia imemzoesha kuwa mwenye kuomba. Methali isemayo mgeni njoo mwenyeji apone inapata maana ngumu zaidi, kwa sababu mwenyeji mwenyewe uenyeji wake unapingwa. Kwa kumkaribisha mgeni, Mwajuma na Maria wanathibitisha kuwa wao ni wenyeji. Hakuna awezaye kukaribisha mahali asipokaa.

Hoja hii inapingika upande mmoja. Mwanamke Mwafrika asiwe tu daraja ambalo binti wa Kihindi anavukia kuelekea utambuzi wake. Katika T-Junction hatari hiyo inapungua, kwa kuwa sehemu kubwa ya hadithi ni ya Maria na Fatima ndiye msikilizaji. Katika Vuta N'kuvute hatari ni kubwa zaidi, na kubadilishwa kwa mpangilio wa matukio kunaiongeza.

7.0 Urembo na gharama ya kukaa

Vuta N'kuvute ni filamu nzuri kwa macho. Rangi zake ni nzito, mwendo wake ni wa polepole, na usiku wake umechorwa kwa mwanga na kivuli. Lakini Unguja ina balaa la kuwa nzuri mno. Picha za vichochoro, milango ya nakshi na majahazi zimeuzwa kwa watalii kwa miongo mingi, na kamera yoyote inayoelekezwa huko inalazimika kushindana na kadi za posta. Filamu inashinda ushindani huo mara nyingi, ila inaacha pembeni jambo moja lisilo na urembo: kodi. Uzito wa hadithi umewekwa kwenye mapenzi na ukombozi, na suala la nani anamiliki kiwanja kilichobeba kibanda halipati nafasi linayostahili, ingawa ndilo lililoigawa Unguja kabla na baada ya miaka inayoonyeshwa.

Kuna sababu ya kihistoria inayofanya upungufu huu uwe wa kuzingatiwa. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mawe yana walinzi. Vibanda vya udongo na makuti vya Ng'ambo ya zamani havikupata bahati hiyo. Vingi vilikwisha kuondoka. Anayetaka leo kuiona Unguja ya miaka ya 1950 anaiona kupitia upande uliobaki, ambao ni upande wa wenye majumba. Hivyo filamu ya kihistoria inabeba jukumu ambalo jumba la makumbusho haliwezi kulibeba, yaani kuwahifadhi waliokaa mahali pasipohifadhiwa. Vuta N'kuvute inalitimiza jukumu hilo kwa sauti, lafudhi ya Kiunguja na nyimbo zaidi kuliko kwa mandhari.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kuwa T-Junction na Vuta N'kuvute zinatetea dhana ya makazi iliyomo ndani ya kitenzi kaa: mtu huwa wa mahali kwa kuketi, kudumu na kukaribisha. Dhana hiyo inapingana na lugha ya uvamizi na uholela inayotumiwa kuwaondoa watu wa aina ileile wanaoonyeshwa kwenye filamu. Imeonekana pia kuwa T-Junction inaificha mno ofisi inayotoa amri, na Vuta N'kuvute, kwa kuyatanguliza mapenzi, inapunguza nguvu ya hoja ya riwaya kwamba ukombozi ulianzia chumbani kwa mwanamke maskini.

Tafiti zijazo zinaweza kuzilinganisha kazi hizi na filamu za Kenya zinazohusu Kibera na katikati ya Nairobi, ili kuona kama ukarimu unabaki kuwa msingi wa uhalali pale ambapo Kiswahili kinachanganyika na Sheng. Kwa Unguja, swali liko karibu zaidi. Tamasha lililofunguliwa na T-Junction mwaka 2017 hufanyika Ngome Kongwe, mwendo mfupi wa miguu kutoka Darajani. Watazamaji waliotoka ngomeni usiku ule kurejea nyumbani Ng'ambo walipita juu ya ghuba iliyofukiwa, mahali ambapo zamani mtu alijua amevuka.